Ng'ombe wa Jumapili

Alhamisi, 15 Mei

Miezi kumi na tisa na siku nne tangu nitoke nyumbani Majita. Bado niko Kasansa. Ndege leo walifika shambani kabla yangu. Nimepiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Hawaliogopi tena. Wanaruka jaruba hili, wanatua lile, kama wananicheka.

Zamu yetu ya maji ilikuwa saa nne. Yalifika saa saba, membamba kama mkojo wa mbuzi. Mvua ilikata mapema mwaka huu. Wa juu wanafungulia, sisi wa chini tunatazama mfereji.

Shamba ni la tajiri mwenye duka Mpanda mjini. Ekari sita. Mimi ndiye nalima, nalinda, navuna. Kwenye ncha ya chini, karibu na njia, kanipa nusu ekari iwe yangu. Hiyo ndiyo naiangalia kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Mpunga umeshainamisha vichwa. Wiki mbili na nusu, nakata.

Nilimwahidi mke wangu Nyangeta kwamba sitarudi mikono mitupu. Niliahidi mbele ya baba yake, na baba yake alicheka. Kwa hiyo nusu ekari hii ndiyo nauli yangu na ndiyo uso wangu. Nikivuna, narudi. Nisipovuna, sijui.

Daftari hili nilinunua kuandikia zamu za maji. Shule niliishia darasa la sita. Lakini kuandika naweza, na hapa hakuna mtu wa kumwambia.

Jumamosi, 17 Mei

Ndege wachache. Masanja kaniletea maziwa mgando kwenye dumu. Yeye ni Msukuma wa Meatu, alihamia huku na ng'ombe wake kutafuta malisho. Alibatizwa mwaka jana kwetu, Wamennonite wa Kasansa. Tuko watu wazima kumi na tisa tu. Wengi ni sisi tuliotoka Mara, tulikuja na dini kama mtu anavyosafiri na blanketi lake. Masanja hajui kusoma, hivyo mimi ndiye niliyemfundisha masomo ya ubatizo. Mpaka leo ananiita mwalimu.

Nilimfundisha vizuri. Zamani alikuwa anachunga hata Jumapili. Nikamwambia Mkristo hachungi siku ya Bwana. Anafunga zizi, anakuja ibadani, ng'ombe watatoka jioni. Akashika. Wasukuma wenzake wanamcheka, yeye wala. Najivunia hilo.

Jumapili, 18 Mei

Umekwisha. Mpunga wangu umekwisha.

Niandike kwa mpango, labda nitatulia. Mchungaji wetu anakaa Mpanda, huku anakuja mara mbili kwa mwaka. Jumapili nyingine zote anahubiri mzee wa kanisa, Mzee Odongo, mvuvi wa zamani kutoka Shirati. Tangu Februari anahubiri Yusufu. Kwa sababu ya njaa inayokuja, anasema. Leo alifika kwenye ndoto ya Farao, wale ng'ombe saba wembamba wanaokula ng'ombe saba wanono. Akaigiza mpaka wanavyotafuna. Watu wakacheka. Mimi na Masanja tulikaa benchi moja, tukacheka pamoja. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka.

Tulianza saa nne. Tulitoka saa nane.

Narudi shambani, nakuta ng'ombe wa Masanja wamo ndani ya nusu ekari yangu. Kama thelathini. Mbavu nje. Wamevunja miiba ya zizi kwa kiu, wamefuata harufu ya maji, wamekunywa mferejini, halafu wakaona mpunga. Za tajiri hawakuzifikia. Yangu ndiyo iko njiani.

Nilipowafukuza walitoka polepole, wameshiba. Walichoacha wamekilaza kwenye tope.

Jirani yangu Mwislamu alikuwa shambani kwake tangu asubuhi, na la kwake ni zima. Mimi nilikuwa naimba.

Jumatatu, 19 Mei

Masanja kaja asubuhi. Kasimama kwenye tuta, kavua kofia. Nilidhani ataomba radhi. Kasema zizi lilivunjika.

Nikamwambia zizi halivunjiki lenyewe.

"Ungekuwepo ungewafukuza," kasema.

"Na wewe ungekuwa unachunga wasingekuja!"

"Nani aliniambia nisichunge, mwalimu?"

Nilimwambia achukue dumu lake aende.

Ninachotaka ni kimoja. Asimame mbele ya kanisa aseme, "Ng'ombe wangu wamekula mpunga wa Magesa na kosa ni langu." Asiposema nitakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Huko atalipa, apende asipende.

Jumatano, 21 Mei

Mzee Odongo kapata habari. Kaja kwa miguu, na mguu wake ni mbovu.

"Magesa mwanangu, sisi hatushtakiani. Unalijua hilo tangu kwa mama yako."

Nalijua. Ndugu kwa ndugu hatupelekani serikalini, hatulipizi, hatupigani. Nimelisikia tangu niko mgongoni. Nikamuuliza basi nani ananirudishia mpunga. Kasema Mungu. Nikamuuliza Mungu ana ekari ngapi hapa Kasansa.

Hakukasirika. Kaniombea, maombi marefu. Nilifumbua macho muda wote. Nilikuwa natazama ndege wanavyokula mpunga wa tajiri.

Ijumaa, 23 Mei

Nyangeta kapiga. Kauliza mpunga unaendeleaje. Nikasema vizuri. Kasema amekandika nyumba upya, na amewaambia watu narudi mwezi wa sita mwishoni. Hata baba yake ameanza kuuliza tarehe. Mtandao ukakata. Nilifurahi ulipokata.

Nimemdanganya mke wangu kwa sababu ya ng'ombe wa mtu mwingine.

Jumapili, 25 Mei

Nilikwenda. Nilikaa karibu na mlango ili nione njia ya shamba. Masanja alikaa mbele kabisa. Benchi letu lilikuwa tupu katikati ya kanisa, kila mtu akaliona.

Mzee Odongo kaacha Yusufu leo. Kahubiri yule mjane wa Sarepta aliyempikia Eliya unga wake wa mwisho, na unga haukuisha. Kila neno lilikuwa langu, nilijua. Nilitaka kusimama niseme unga wangu umeisha, mzee, pipa nimeliinamisha nimechungulia. Sikusimama. Nilikunja kofia tu.

Mwisho katangaza mchungaji anakuja tarehe 15 Juni, tutashiriki Meza ya Bwana.

Hapo ndipo tatizo. Kwetu Meza haianzi na mkate. Inaanza na kuoshana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Na wiki moja kabla ya hapo kila mtu anasimama anaulizwa kama ana amani na Mungu na ndugu zake. Huko makanisa makubwa mtu asiye na amani anakaa pembeni, hakuna anayejua. Hapa tuko kumi na tisa. Mzee Odongo ana utaratibu wake tangu aanze: mmoja akisema hana, mkate haumegwi mpaka yaishe.

Bibi Tabu kanishika mkono mlangoni. Ni Mpimbwe, mwenyeji wa hapa, mkubwa kuliko sisi wote. Miguu yake imevimba. Mchungaji alipokuja mara ya mwisho yeye alikuwa amelazwa, akaikosa Meza.

"Mjukuu wangu," kasema, "nyie mna miguu ya kungojea mwaka ujao. Mimi nina hii."

Kila mtu ananibana mimi. Hakuna anayembana mwenye ng'ombe.

Jumanne, 27 Mei

Nimekwenda kwa mtendaji. Niandike tu, nimekwenda.

Nilikaa kwenye benchi saa mbili nzima. Nilipoingia nikaeleza. Kasikiliza vizuri, kachukua kalamu, kauliza jina la mfugaji. Nikamtaja Masanja.

"Masanja yupi? Yule mlokole mwenzako?" Akaweka kalamu chini akacheka mpaka akakohoa. "Yaani nyie mmefunga ng'ombe wenye kiu, mkaenda kuimba, mkaacha shamba wazi? Wote wawili? Sasa mzee, mimi nimwandike nani hapa? Nimwandike Jumapili?"

Karani naye akacheka. Mtendaji kasema nirudi na shahidi. Shahidi gani? Wenzangu wote walikuwa kanisani, na yule jirani hataki kuingia kesi za watu.

Nimerudi na jua la saa saba kichwani. Sina mpunga, sina kesi, na dini nimeshaivunja bure.

Jumapili, 1 Juni

Sikwenda ibadani. Nililinda ndege. Ni Jumapili ya kwanza nafanya kazi tangu nifike huku. Nilidhani nitajisikia vibaya. Nilijisikia mchovu tu, kama siku nyingine.

Jioni Mzee Odongo kapita. Kajua kuhusu mtendaji, hapa hakuna kinachofichika. Kasema wiki ijayo nihubiri mimi.

"Una maneno mengi. Unayamwaga njiani. Yalete mbele."

Nikasema sawa. Nikasema kwa hasira, lakini nikasema.

Alhamisi, 5 Juni

Tumeanza kukata mpunga wa tajiri. Mgongo.

Mchana kwenye mapumziko nasoma Biblia natafuta ng'ombe. Nataka andiko la kumpiga nalo Masanja. Na nimelipata! Lipo kwenye Kutoka, kwenye sheria za Musa. Mtu akiacha mnyama wake akala shamba la mwenzake, atalipa kwa mazao mazuri ya shamba lake mwenyewe. Limeandikwa wazi kama notisi ya serikali. Nililisoma mara tatu. Nilisahau mgongo.

Nikaendelea kutafuta, labda kuna lingine. Nikafika Luka. Kuna mwanamke aliyepinda mgongo miaka kumi na minane, Bwana akamponya siku ya Sabato, mkuu wa sinagogi akakasirika. Bwana akamuuliza kama wao hawawafungui ng'ombe wao siku ya Sabato wakawapeleka kunywa maji.

Nikafunga kitabu.

Nitahubiri lile la Kutoka.

Ijumaa, 6 Juni

Masanja kaja na mbuzi. Mmoja, dume, ana kikohozi. Kamfunga kwenye mti bila kusema kitu. Nikamfungua nikamrudishia kamba mkononi.

"Hutaki?"

"Nataka ukiri."

"Mbuzi si ndiyo kukiri? Kwetu mtu akikuletea mbuzi hujamwelewa?"

"Kwetu mtu ana mdomo."

"Haya, mwalimu," kasema. Akaondoka. Mbuzi anakohoa njia nzima.

Jumapili, 8 Juni

Nimehubiri.

Nilianza vizuri. Nilisoma sheria ya Musa kwa sauti, nikaieleza. Nikaeleza maana ya shamba, jasho la mtu, mke anayengoja. Watu walitikisa vichwa. Hata mke wa Mzee Odongo alisema amina. Sikumtaja Masanja jina, lakini kila mtu alimtazama. Aliinama. Mikono yake ilikuwa imeshika ile Biblia niliyompa siku ya ubatizo, asiyoweza kuisoma. Anakuja nayo kila Jumapili. Aliishika juu chini, kama siku zote.

Sijui kwa nini nilifungua Luka. Nilikuwa nimeshamaliza, ningekaa tu. Nilimwona Bibi Tabu kwenye benchi la pembeni, miguu juu ya kigoda, nikamkumbuka yule mwanamke aliyepinda. Nikasema kuna andiko lingine. Nikasoma. Nilipofika kwenye ng'ombe kufunguliwa wakanywe maji siku ya Sabato, nikaweka kidole hapo, nikaacha kusoma.

Nikasema hivi, nakumbuka maana nilikuwa najisikia mwenyewe: "Mimi ndiye niliyemwambia Masanja afunge ng'ombe Jumapili. Niliwafungia wanyama kiu kwa jina la Bwana, na Bwana hakusema hivyo. Nilifundisha kitabu nisichokimaliza."

Nikakaa. Hakuna aliyesema amina hapo.

Mzee Odongo akaanza kuuliza mmoja mmoja kama ana amani. Wote ninayo, ninayo. Kufika kwangu nikasimama. Ningeweza kusema ninayo, tukamaliza. Lakini ningekuwa mwongo mbele ya Mungu, na kwa Nyangeta nimeshakuwa mwongo.

Nikasema, "Kosa langu nimelikiri. Amani sina. Mpunga wangu haupo."

Masanja naye kasimama. "Na mimi sina. Nusu saa nzima kanisoma kama mwizi, halafu mwishoni ndiyo anasema ni yeye!"

Watu wakacheka. Hata mimi kidogo ningecheka. Mzee Odongo hakucheka. Kasema tuna mpaka Jumamosi, la sivyo atampigia mchungaji asije.

Bibi Tabu kasema kwa sauti, hakuinuka, "Mimi kucha za miguu nimeshakata."

Jumatano, 11 Juni

Bado tunakata mpunga wa tajiri. Nilikuwa peke yangu kwenye jaruba la mwisho. Masanja kaja na mundu. Hakunisalimia, kapita moja kwa moja kwenye nusu ekari yangu, ule uchafu. Kachuchumaa kwenye tope lililokauka, akaanza kuokota masuke yaliyolala. Moja moja. Anapangusa udongo kwenye suruali, anaweka kwenye kiroba.

Nikamwacha. Nilitaka kuona atachoka lini. Msukuma wa ng'ombe hajazoea kuinama.

Hakuchoka. Jua likapanda. Mwishowe nikaona aibu, mtu anaokota mpunga wangu mimi namtazama. Nikaenda nikaanza upande wa pili.

Tulikutana katikati kama saa tisa. Akiwa bado ameinama, hanitazami, akasema:

"Mwiba wa upande wa mlango ulilegea tangu Ijumaa. Niliuona. Nikasema nitaufunga Jumatatu."

Basi. Ndiyo maneno niliyoyataka kwa wiki tatu. Niliyataka mbele ya watu kumi na tisa, nimeyapata kwenye tope, hakuna aliyesikia. Niliyangojea yanifurahishe. Hayakunifurahisha. Lakini nikamshikia kiroba atie masuke yake.

"Na mbuzi yule ana kikohozi," nikamwambia.

"Ndiyo maana nilikuletea wewe," kasema.

Tumepata kama debe tatu, na mchanga humo humo.

Ijumaa, 13 Juni

Tumekwenda wote wawili kwa Mzee Odongo. Alikuwa anakula. Kasema tukae, tule kwanza. Tukala ugali na dagaa. Hakuuliza kitu. Alitazama mikono yetu inavyoingia kwenye sahani moja, kisha akachukua simu akampigia mchungaji.

Jumapili, 15 Juni

Mchungaji kafika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kahubiri dakika ishirini. Ana kusanyiko lingine Sitalike mchana. Namshukuru Mungu kwa Sitalike.

Wanawake walianza nyuma ya pazia. Tulisikia maji, tukasikia Bibi Tabu anasema ya moto. Hakuna aliyeyapasha, ni jua tu lililopiga ndoo. Mke wa Mzee Odongo kasema baadaye walimwosha wanne, kila mtu alitaka.

Wanaume tulikuwa na beseni moja. Maji ya mfereji, machache, yanageuka kahawia kwa mtu wa tatu. Hupangi nani amwoshe nani, unafuata benchi. Tulikuwa tumekaa benchi letu la zamani. Visigino vya Masanja vimepasuka kama ardhi ya Oktoba. Nilimwosha nikamkausha na taulo. Yeye akaniosha mimi. Kidole changu kikubwa kina jeraha la mundu, akakizunguka polepole, hakukigusa.

Mpunga haukurudi. Nilifikiri hilo wakati maji yananidondoka. Haukurudi, na bado nina hasira nikipita pale njiani. Lakini nilikula mkate bila kudanganya.

Bibi Tabu alisinzia baada ya kikombe. Tukaimba kwa sauti ya chini.

Mzee Odongo katangaza mambo mawili. Jumapili asubuhi ng'ombe wapelekwe kunywa maji kwanza. Na mahubiri yataisha saa sita. Kwa hili la pili watu walisema amina kuliko siku nyingine yoyote.

Jumapili, 22 Juni

Ibadani ng'ombe walipita nje wanatoka kunywa. Mzee Odongo alinyamaza wapite, kisha akaendelea na Yusufu. Ndugu zake wamefika Misri, bado hawajamtambua. Amemaliza saa sita na robo.

Mchana nimempigia Nyangeta. Nimemwambia yote. Ng'ombe, mtendaji, na kwamba nilimdanganya. Nikaangalia kama salio limeisha. Halafu kauliza debe tatu nitazibebaje. Nikasema kichwani. Kauliza kama nimekonda. Nikasema ndiyo.

Baba yake atacheka. Acha acheke.

Masanja kaniletea samli kwenye chupa ya soda, nimpelekee mama yangu, kasema. Hatuna ugomvi. Anataka kabla sijaondoka nimfundishe herufi, angalau aweze kujua Biblia inashikwa wapi. Tumeanza na jina lake.

Kazi iliyobaki ni kupiga mpunga wa tajiri na kuusomba. Wiki mbili. Jumanne tarehe 8 Julai nitapanda lori mpaka Mpanda, halafu treni mpaka Tabora, halafu Mwanza. Natarajia kufika nyumbani Ijumaa, tarehe 11 Julai. Itakuwa miezi ishirini na moja kamili.